Ngamia Mia Mbili wa Mzee Diriye

Bango lilifika Bula Nasib kabla ya dawa, kabla ya daktari, kabla hata ya viti. Lilifungwa kwa kamba kati ya nguzo mbili za umeme, na juu yake palikuwa na mzee mmoja wa Kisomali, ndevu nyekundu kwa hina, anacheka meno yote nje kana kwamba ugonjwa ni harusi. Idil aliwajua wazee wa mtaa huo mmoja mmoja. Huyo hakumjua. Alimtazama, akaona jinsi meno yale yalivyonyooka na kung'aa, akaamua kwamba mzee mwenye kinywa kama kile hajawahi kupanga foleni popote Garissa.

Idil alikuwa na stashahada ya ustawi wa jamii na fulana yenye nembo ya mpango. Stashahada aliitolea jasho. Fulana alipewa asubuhi hiyo bure, na ndiyo iliyoheshimiwa zaidi. Kazi yake ilikuwa kuketi na wazee, kuwatafsiria maswali kutoka Kiswahili kwenda Kisomali, na kurudisha majibu yao kutoka Kisomali kuja Kiswahili, ili wasajiliwe.

Mpango wenyewe ulipendeza ukiusikia. Mzee asiye na kipato angeandikwa, serikali imlipie ada ya bima ya afya, naye atibiwe bila kutoa chochote mlangoni. Ila lazima kwanza ijulikane nani ana kipato na nani hana. Basi watu wanaoishi mbali sana na Garissa wakatunga maswali, wakayatia ndani ya kishikwambi. Ukuta wa nyumba yako ni wa nini? Maji mnateka wapi? Una mifugo mingapi? Ukishajibu yote, kishikwambi hufikiri kidogo, kisha hutoa hukumu, na hukumu hiyo haina mwenyewe, kwa sababu kila unayemlalamikia anakunyooshea kidole kishikwambi.

Aliyekishika alikuwa Mohamedamin, afisa msimamizi. Kijana mrefu, manukato yake yanatangulia salamu, viatu vyake vinaepa vumbi kama paka anavyoepa maji. Alizaliwa Eldas, mtoto wa mfugaji, akanyonya maziwa ya ngamia mpaka alipopelekwa shule. Siku hizi akiulizwa kwao ni wapi, hujibu, "Nairobi, lakini nina watu huku."

Wazee walipangwa kwenye viti vya plastiki mbele ya hema la usajili, wakiielekea meza, wamebanana magoti, kila mmoja anasikia jibu la mwenzake. Hakuna aliyeona ubaya wa mpangilio huo isipokuwa Idil.

"Tuwaite mmoja mmoja, wakae kule nyuma ya pazia," alimwambia Mohamedamin.

"Pazia halikuwekwa kwenye bajeti."

"Nitaleta shuka langu."

"Idil, hii ni kazi ya serikali, si chumba cha mwali."

Akaitwa Mzee Diriye. Alikuja polepole, mkono mmoja kwenye bakora, mwingine umeshika kikoi chake kiunoni, pale chini kidogo ya ubavu. Asiyejua angedhani anaogopa kikoi kisifunguke. Idil alijua. Chini ya kile kikoi palikuwa na mpira wa mkojo na mfuko wake, umefungwa pajani kwa kitambaa. Tezi dume ilikuwa imemziba mzee wa watu, na daktari alikuwa amesema upasuaji usichelewe, kwa sababu uchafu ulikwishaanza kupanda kwenye figo. Diriye alilala na homa usiku na kuamka nayo. Lakini aliketi kwenye kile kiti wima, ndevu zimechanwa, kama mtu aliyekuja kupokea posa ya bintiye.

"Muulize kama kuna siku hawakula kwa kukosa chakula," alisema Mohamedamin.

Idil akatafsiri.

"Alhamdulillah," alijibu Diriye.

"Amesema hapana," Mohamedamin akabonyeza.

"Hakusema hapana. Amemshukuru Mungu. Hata mwenye njaa anashukuru."

"Kuna sehemu ya ndiyo na sehemu ya hapana. Ya kushukuru haipo. Endelea. Ngamia wangapi?"

Idil alisita. Wazee wakaangalia chini. Kwa wafugaji swali hilo halitupwi mbele za watu. Mwenye ngamia hataji hesabu yao. Anaogopa jicho, atakwambia tu wapo wachache, Mungu akubariki, tuzungumze mengine. Anayetaja hesabu ni yule ambaye hana. Naye hutaja wengi, na walio karibu humwitikia kwa sauti ili uso wake usidondoke mchangani. Hilo hakuna mtoto wa Eldas asiyelijua.

"Ngamia mia mbili," alisema Diriye.

"Maashallah," waliitikia wazee kwa pamoja.

Mohamedamin akaandika mia mbili.

"Afisa," alisema Idil kwa sauti ya chini, "wewe unajua alichosema."

"Amesema mia mbili. Hata mimi nimesikia."

"Umesikia. Sasa elewa."

"Mimi silipwi kuelewa, nalipwa kunukuu."

Ndiyo sentensi pekee ya kweli aliyoisema siku hiyo, Idil aliwaza. Kishikwambi kikafikiri kidogo, kikamtangaza Mzee Diriye kuwa tajiri. Ada yake ya kujilipia mwenyewe ilikuwa kubwa kuliko ya mwenye duka. Diriye hakuuliza kilichoandikwa. Aliinuka, akashika kikoi chake palepale, akaondoka akipokea salamu kama mtu mwenye ngamia mia mbili.

Arbia, bintiye, aliuza maziwa ya ngamia sokoni, maziwa ya ngamia wa watu wengine, katika madumu ya manjano yaliyofukizwa moshi. Ujumbe ulimkuta huko kwenye simu. Alimfuata Idil ofisini mikono ikiwa bado inanuka moshi, akamwekea simu mezani.

"Nisomee. Nimesoma mwenyewe lakini nadhani nimekosea."

"Hujakosea, edo," alisema Idil, akimwita shangazi kama alivyomwita tangu utotoni. "Wamesema ni tajiri."

Arbia alicheka, kicheko kikavu. "Tajiri. Mwambie huyo mwenye mashine aje achukue nusu ya utajiri. Ninamwaga mfuko wake wa mkojo asubuhi na jioni, nitamwachia nusu."

"Kuna rufaa. Kamati inakaa wiki ijayo. Lakini ni lazima yeye mwenyewe aseme kwa kinywa chake, mbele yao, kwamba mifugo hana. Mara moja tu. Akisema tena wapo, basi, faili linafungwa."

"Kamati ni nani?"

"Mohamedamin ni karani. Yuko sheikh, na mama mmoja wa vikundi vya akina mama. Mwenyekiti ni Haji Hared."

Arbia akachukua simu yake, akaifuta kwa ncha ya shungi. "Basi Baba ameshakufa," alisema, akarudi kwenye maziwa.

Haji Hared alikuwa mnunuzi wa mifugo, mwenye malori na ghorofa kwenye barabara kuu, na kila kamati iliyoundwa Garissa ilimkuta ameshaketi kwenye kiti cha mwenyekiti. Yeye na Diriye walichunga ndama pamoja wakiwa wavulana. Mmoja alibaki na ngamia, mwingine akabaki na waliokuwa wakiuza ngamia, na ukame uliamua nani alichagua vizuri.

Jioni hiyo Idil alikwenda kwa mzee. Nyumba ilikuwa ya fito na turubai, nyuma ya ukuta wa jirani. Diriye alikuwa amelala kwenye mkeka, mfuko wake umefunikwa kwa kanga kuukuu ya Arbia, uso umemeta kwa homa. Alipomsikia mgeni aliketi, akarekebisha kofia.

"Nabad, Awowe," Idil alimsalimu. Alimwita babu, ingawa hawakuchangia damu.

"Nabad. Umekuja na ile mashine?"

"Nimekuja peke yangu. Nataka uende ukawaambie kamati ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba ngamia hawapo."

Mzee akatazama turubai. "Wewe binti umesoma, lakini mama yako hakumaliza kukufundisha. Niende mbele ya Hared, niseme mimi ni fakiri? Hared niliyempa maziwa alipokuwa hana hata mbuzi?"

"Hared hatakuwa na figo zako, Awowe. Utakuwa nazo wewe."

"Figo nimekaa nazo miaka yote hii, sijawahi kuziona. Uso wangu watu wanauona kila siku."

"Hata ukiwa maiti watauona," alisema Arbia kutoka mlangoni. "Nitawaambia wakufunue vizuri, waone jinsi unavyopendeza."

"Arbia."

"Nini, Baba? Nimechoka. Unakufa kwa ajili ya ngamia waliokutangulia kufa."

Mzee alijilaza tena, akawageuzia mgongo wote wawili. Idil aliutazama mgongo ule, mifupa imejipanga kama ngazi chini ya shati, na hasira yake ikakosa pa kutua. Alimdharau Mohamedamin, hilo lilikuwa rahisi. Alimdharau Hared bila hata kujaribu. Lakini huyu naye! Mwanaume mzima kuchagua kuoza kistaarabu, na mwanamke wa kumwaga mkojo wake asihesabiwe kabisa katika hiyo heshima.

Nje, Arbia alikuwa akisuuza madumu.

"Hesabu hatasema," alisema bila kuinua kichwa. "Hata ungemkaba koo. Lakini mtajie ngamia mmoja kwa jina, hatanyamaza mpaka adhuhuri. Usiku akipandwa na homa anawaita. Suban, Ubah, Gubad. Mimi hajaniita hata siku moja."

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye feni moja, iliyomwelekea mwenyekiti. Watu wote mle ndani walizaliwa na Kisomali vinywani mwao: Hared, sheikh, yule mama, Mohamedamin, Diriye, Arbia aliyekaa nyuma, na wazee wengine wenye rufaa waliojaza mabenchi. Lakini mwongozo ulisema kikao kiendeshwe kwa Kiswahili na kuwe na mfasiri. Kwa hiyo Hared, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kile cha kupigia bei mnadani, alihutubia kwa Kiswahili watu ambao wote wangemwelewa vizuri zaidi angeacha. Idil alisimama katikati kama daraja lililojengwa mahali pasipo na mto.

Diriye aliitwa. Alitembea kwa shida zaidi kuliko siku ile ya hema. Alipoketi, jasho lilimchuruzika shingoni, na mkono wake haukuondoka kiunoni.

"Huyu mzee tunamjua," alisema Hared, anatabasamu. "Mtu wa heshima. Karani, uliza, tumalize."

"Muulize," alisema Mohamedamin, "ana ngamia wangapi."

Wazee kwenye mabenchi wakakaa tayari. Maashallah yao ilikwisha kufika kwenye ulimi. Idil alimgeukia Diriye, akainama kidogo, akauliza kwa Kisomali, taratibu, kila mtu akasikia:

"Awowe, Suban yuko wapi?"

Feni iliendelea kuzunguka. Mohamedamin akainua kichwa.

"Hilo si swali nililouliza."

"Kumbe Kisomali unakisikia?" alisema Idil. "Mimi nilidhani nimeajiriwa kwa sababu husikii."

Mtu kwenye benchi akakohoa, kikohozi chenye kicheko ndani yake. Mohamedamin alifungua kinywa, lakini Diriye alikuwa ameshaanza kusema, na hakuna kijana, hata wa Nairobi mwenye watu huku, anayemkata mzee anapowazungumzia ngamia wake.

"Suban alifia njia ya Eldas," alisema. "Mvua ilikuwa imekosa mara ya pili. Alikuwa na mimba. Alilala chini, tukampitisha kamba tumboni, tukamwinua, wanaume wanne. Akasimama. Tukimwachia, analala. Asubuhi alikuwa anatazama upande wa kisima, macho wazi, ndege ameshaanza."

"Na Ubah?"

"Ubah ni bintiye. Alikataa kuondoka pale. Nilimpiga, mimi ambaye sijawahi kumpiga ngamia jike. Hakuondoka."

"Na madume?"

"Wale niliwapa mwanangu awapeleke Mandera, wavuke mto Daua, tuliambiwa ng'ambo kuna majani. Majani hayakuwako. Alirudi kwa miguu, amebeba kengele zao kwenye gunia."

Aliendelea. Aliwataja wote aliowakumbuka, na aliwakumbuka wote. Huyu alikunywa maji mabovu. Yule alizaa, mtoto akafa, akamfuata. Sauti yake haikuomba kitu. Haikuwa sauti ya fakiri; ilikuwa sauti ya mtu anayesomea ukoo wake wafu wao. Wazee wa mabenchi, kila lilipotajwa jina, waliitikia chini chini, "Mungu amrehemu," na hakuna aliyekumbuka kwamba hao walikuwa wanyama. Yule mama wa vikundi alijifunika uso kwa shungi. Mohamedamin alikuwa ameacha kubonyeza. Idil alimwona, kwa mara ya kwanza, anafanana na mtu aliyezaliwa Eldas, na hakumwonea huruma hata kidogo.

"Na Gubad?" aliuliza.

"Gubad ndiye wa mwisho. Nilimleta hapa Garissa kwa lori, sokoni. Hakuweza kusimama, walimshusha kwa kumburuta."

Mohamedamin alishtuka, akakumbuka kazi yake. "Aliuzwa? Kama aliuzwa kuna mapato. Muulize nani alimnunua." Na kwa haraka yake alisahau kusema kwa Kiswahili.

Diriye hakunyoosha kidole. Aligeuza tu kichwa, akamtazama mwenyekiti.

"Haji Hared. Alisema ngamia aliyelala chini hapimwi kwa bei ya aliyesimama, na alisema kweli, ndivyo soko lilivyo. Alimchinja kwenye harusi ya kijana wake. Nami nilialikwa. Nilikula wali mtupu."

Sheikh akatazama mikono yake. Naye alikuwa mgeni wa harusi ile, na hakula wali mtupu. Hared alichukua chupa ya maji, akanywa, akaikuta imekwisha, akaendelea kuiinua.

"Andika hakuna," alimwambia Mohamedamin.

"Mwenyekiti, utaratibu unasema yeye mwenyewe ataje hesabu..."

"Wote wamekufa, umesikia kwa masikio yako. Unataka wafufuke uwahesabu? Andika hakuna, andika upesi, muite mwingine."

Mohamedamin akaandika. Akakisogeza kishikwambi mbele ya mzee ili aweke kidole. Diriye alikitazama kile kioo kilichong'aa.

"Ameandika nini?" alimuuliza Idil.

"Ameandika uliyoyasema."

Mzee akafikiri. Kisha akaweka kidole gumba, akakikandamiza kwa nguvu kama anayetia chapa kwenye shingo ya ndama, akainuka. Wazee wa mabenchi nao waliinuka, wote, mpaka alipotoka mlangoni na bintiye. Waliporudi kukaa, aliyefuata alipita mbele, akamwambia Mohamedamin kwa Kisomali, "Mimi wangu walikuwa ng'ombe. Kaa vizuri."

Diriye alipasuliwa kabla mwezi haujaandama. Mfuko uliondolewa, homa ikamwacha, na alianza kulalamikia chakula cha hospitali, jambo ambalo Arbia alilipokea kama habari njema. Siku moja alasiri Idil alimsindikiza Arbia wodini na chupa ya maziwa. Wagonjwa waliolazwa kwa mpango wa wazee walifungwa utepe wa kijani mkononi ili wasidaiwe chochote. Diriye alikuwa ameuficha wake chini ya mkono wa shati, lakini kwa namna ya mtu aliyeanza kuuzoea.

Kitanda cha upande wa pili wa dirisha kilikuwa na wageni wengi, wafanyabiashara waliovaa kanzu safi, chupa za chai, matunda yamefungwa vizuri. Idil alidhani ni mkubwa fulani. Umati ulipogawanyika kidogo alimwona Haji Hared, goti limefungwa bendeji nyeupe, anapokea pole kwa ukarimu. Alipomwona Idil, aliuvuta mkono wake wa kushoto, akauingiza chini ya shuka.

Hakuuvuta kwa haraka ya kutosha. Utepe ulikuwa wa kijani.

Idil alisimama pale, akatafuta maneno. Alikuwa nayo mengi, alikuwa ameyaweka akiba tangu siku ya hema, na mengine yalikuwa makali kiasi kwamba yangempotezea kazi. Mtu huyu hakuketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya hema. Hakuulizwa mbele ya watu. Mahali fulani, mlango umefungwa, karani fulani alimuuliza ana nini, naye akajibu hana kitu, bila jasho, bila homa, na kishikwambi kilichomwita Diriye tajiri kikamsikitikia.

Kabla hajasema, Diriye alikuwa ameteremka kitandani. Naye alikuwa ameona. Alivuka wodi taratibu, mikono yote miwili huru, kikoi kimefungwa vizuri, bakora ameiacha nyuma. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu wa Mwislamu, na wageni walimpisha kwa heshima.

"Assalamu aleikum, Hared."

"Aleikum salaam," alijibu Hared, mkono bado chini ya shuka.

Diriye aliinama, akalifunua shuka kwa upole, kama anayemtafutia mgonjwa mapigo ya moyo, akaushika ule mkono. Akauweka utepe wake wa kijani kando ya ule mwingine, juu ya shuka, mahali ambapo wenye kanzu safi wote waliweza kuiona miwili kwa pamoja.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema, kwa sauti iliyosikika wodi nzima. "Wallahi sikuwa na habari. Tulikuja juzi juzi mbele yako na shida zetu, kumbe na wewe umeishiwa, na hukutuambia."

Wageni walitazamana. Mmoja aliiweka chini chupa ya chai.

"Diriye," alisema Hared kwa sauti ndogo.

"Usione haya. Mimi pia niliona haya, ikabaki kidogo inizike." Mzee alimpigapiga mkono, uso wake mtulivu kabisa. "Malori yalifia wapi? Tuambie moja moja, tuyaombee rehema. Leo hakuna anayekwenda popote."

Idil akamsogezea Diriye kiti.